Faharasa Iliyofutwa Benki ya Damu

Kosa la kwanza la mtunza hifadhidata wa benki ya damu lilikuwa kuusingizia mtandao. Muuguzi wa wodi ya wazazi alipopiga simu, alimjibu kwa mazoea: zima, washa.

"Nimeshazima, nimeshawasha, dada! Kiduara kinazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama anavuja damu hapa, na kundi lake ni la nadra. Nipatie wachangiaji wanaolingana naye!"

Mtunza hifadhidata akainama kukagua nyaya. Mwenzake wa meza ya pili, waliyembandika jina Subira kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mpigaji, akasogeza kiti.

"Achana na nyaya, dada. Iulize hifadhidata inatafutaje."

Akaiuliza. Jibu likaja: ilikuwa ikipitia rekodi za wachangiaji wote, mmoja baada ya mwingine, mithili ya mtu anayesaka neno moja kwa kusoma kitabu kizima. Faharasa ya makundi nadra, ile orodha inayoonyesha rekodi ilipo, ingeipeleka moja kwa moja panapohusika. Faharasa hiyo haikuwapo.

"Nani kaifuta?"

Mtunza hifadhidata alimjua aliyeifuta. Juma lililopita, katika kuipunguzia mzigo mashine ya hifadhidata, alikuta kihesabio cha matumizi ya faharasa ile kinasoma sifuri. Naye, pamoja na shahada yake, akaamini kwamba kisichotumika ni takataka.

"Mimi."

"Mficha uchi hazai. Haya, ijenge upya."

"Nikiijenga, hifadhidata haitapokea rekodi mpya; madirisha ya usajili yatakwama. Foleni yote ya wachangiaji itasimama."

"Watanitukana mimi. Nimezoea."

Akabonyeza. Punde manung'uniko yakapanda ukumbini, na sauti ya Subira ikasikika ikiwasihi watu kwa neno lake lile lile. Muuguzi alikuwa bado kwenye simu. Mtunza hifadhidata hakuthubutu kumwita, asije akajibiwa asilotaka kulisikia. Je, kama amechelewa? Ujenzi ukakamilika.

"Dada, upo? Tafuta sasa."

Muuguzi akatafuta.

"Wametokea! Wawili, na mmoja yuko mjini humu humu!"

Wa mjini akaja mbio, mama akaongezewa damu, akanusurika.

Ni baadaye tu, alipokuwa akichunguza sifuri ile, ndipo alipojua kwamba kihesabio huanza upya kila mashine inapozimwa na kuwashwa. Na ilikuwa imewashwa upya asubuhi ile ile aliyoifuta faharasa.