Kuieleza Kabureta Kanisani

Kabla sijawa fundi wa magari nilikuwa fundi wa stovu, na sioni haya kusema hivyo, ingawa watoto wangu hupenda niiruke sehemu hiyo. Nilikuwa na meza yangu ndogo sokoni Voi, nikitengeneza stovu za kupampu na taa za karabai. Stovu ikikataa kuwaka, mara nyingi kitundu chake cha juu kimeziba. Unachukua pini, unachokonoa, unapampu, inanguruma, na mwenyewe anakuita fundi. Ukifanya hivyo miaka mitatu unaanza kuamini kwamba kila kitu duniani kinachokula mafuta kina ugonjwa mmoja na dawa moja.

Mhindi mmoja mwenye gereji karibu na stesheni aliiona mikono yangu akanichukua. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Magari tuliyoyapata yalikuwa malori ya mkonge na pikapu za mashambani, yote yana kabureta ya mdomo mmoja tu wa kuchanganya petroli na hewa, ambayo unaifungua na kuifunga kabla chai haijapoa. Nilijifunza haraka, na kila aliyepita gerejini nilimweleza jinsi nilivyojifunza haraka.

Halafu likaja gari la Mgiriki. Huyu alikuwa meneja wa shamba moja la mkonge nje ya mji, mtu mnene, mcheshi, mwenye wazimu wa mbio. Alikuwa amelinunua Mombasa kwa Mzungu aliyerudi kwao: gari la Kimarekani, buluu, silinda nane, na juu ya injini kabureta ya midomo minne. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Midomo miwili ya mbele hunywa petroli siku zote. Miwili ya nyuma hulala mpaka dereva akanyage mafuta hadi sakafuni. Hapo nayo huamka, na abiria hutafuta pa kushika.

Siku za kazi Mgiriki aliendeshwa na dereva. Huyo dereva alikuwa Mtaita mwenzangu, rika langu, mtu wa maneno machache aliyevaa shati la pasi hata siku ya kuosha gari. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Na alikuwa amemposa dada yangu. Baba yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo posa ilikuja kwangu, nami niliipokea kwa madaha, nikakohoa, nikasema nitafikiri, ilhali nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni tangu alipoingia mlangoni. Dada alishuka kutoka Ronge, kwetu milimani, akaja kukaa nami chumbani kwangu mtaa wa Kaloleni mpaka siku ya harusi. Sote watatu tulisali katika kanisa lilelile dogo la misheni hapo Voi, na ndiko ndoa ilikokuwa itangazwe Jumapili tatu mfululizo, kila mara mchungaji akiuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi.

Siku chache kabla ya tangazo la kwanza, gari la Mgiriki lilianza kukohoa mlimani. Kwenye tambarare halikuwa na neno. Lakini Mgiriki akishika usukani mwenyewe, akaupanda mlima wa Wundanyi huku mguu umelala juu ya mafuta, gari lilishtuka, likapiga chafya, likaishiwa nguvu.

"Shemeji," dereva aliniambia gerejini, "halikohoi mpaka ile midomo ya nyuma ifunguke. Na limeanza tulipotia petroli ya pipa kule shambani."

Hayo yalikuwa maelezo bora kuliko yote niliyowahi kupewa na mwenye gari au dereva. Mtu mwenye akili angeyafuata. Mimi nilijifanya sikusikia, nikaangalia plagi za kuwashia injini kwanza, kisha pampu ya petroli, kisha nikaifungua kabureta kama kwamba wazo ni langu. Ndani mlikuwa na takataka za pipa na vumbi jekundu la kwetu. Jeti mbili za nyuma, yaani vile vidude vya shaba vyenye tundu ambamo petroli hupita kwa kipimo, zilikuwa zimeziba.

Nikatafuta pini ya stovu. Ikapwaya. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikaizungusha ndani ya tundu mpaka shaba ikang'aa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza kazi, nikazichokonoa jeti zote nne, hata zile mbili za mbele ambazo hazikuwa zimemkosea mtu.

Tulilijaribu jioni ile. Gari liliupanda mlima kwa kishindo mpaka mbuzi wakakimbilia mashambani. Kule juu Mgiriki alishuka akanishika mikono yangu miwili yenye grisi. "Wewe fundi kabisa!" akasema. "Mombasa hapana iko fundi kama wewe!" Dereva akacheka, akanipiga bega. Kwa wiki mbili zilizofuata nilitembea mjini nikisubiri watu waniulize habari za kabureta, na wasipouliza niliwaambia.

Sasa, tangi la gari lile lilikuwa likiwafikisha Mombasa na kuwarudisha Voi, na mafuta mengine yakabaki. Wiki ile baada ya tangazo la kwanza, petroli iliwaishia Maungu, kabla ya kufika Voi, wakiwa wanarudi. Mgiriki akakaa kando ya barabara juani akisubiri lori la kumsaidia. Akasema labda halikujazwa vizuri. Wiki iliyofuata, tangazo la pili likiwa limekwisha kusomwa, akasimama mwenyewe likijazwa mpaka shingoni. Petroli ikamwishia Maungu palepale. Huko Mombasa gari lilikuwa limelala kwa dereva usiku mmoja.

Alifika gerejini amewiva uso. "Fundi, kabureta iko mzuri?"

"Iko mzuri kabisa, bwana."

"Basi nani nakunywa petroli yangu?"

Dereva alikuwa amesimama pale, kitambaa cha kufutia kioo mkononi. Nilimtazama, kisha nikamtazama Mgiriki, nikasema, "Bwana, kwa upande wa injini hakuna kasoro. Petroli haipotelei huku."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema mwizi. Lakini kila aliyekuwepo alisikia mwizi, na mimi nilijua watasikia hivyo.

Siku hiyohiyo dereva alinyang'anywa ufunguo akapelekwa kupakia mkonge kwenye matrela. Nami, badala ya kukaa kimya, nikapanda cheo. Nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia, kama msimamizi wa dada yangu, kwamba tangazo la tatu lisisomwe. Siwezi kumtoa binti wa marehemu baba yangu kwa mtu anayeuza petroli ya tajiri wake. Mchungaji aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mimi ndiye fundi. Jumapili hiyo ndoa haikutajwa, na dereva alikaa benchi la nyuma, la waliotengwa, pamoja na mlevi mmoja wa reli na mtu mwenye wake wawili. Wimbo ulianzishwa na mtu mwingine, akauanzisha juu mno, tukaumaliza tukipiga kelele.

Dada yangu hakulia mbele yangu wala hakugombana nami. Alininyima maneno tu. Aliweka chakula akasema "Chakula," akaondoa sahani akasema "Haya." Hakunitazama usoni. Wiki nzima nilikula hivyo, na nilikasirika, kwa sababu nilitaka kushukuriwa.

Jumamosi mchana nilirudi nyumbani nikakuta chumba kimejaa moshi. Stovu yetu ilikuwa ikiwaka moto mwekundu mrefu, na sufuria imepakaa masizi mpaka kwenye mdomo. Nilitazama chupa ya mafuta ya taa. Ilikuwa tupu, na niliijaza Jumatano.

"Mafuta yanakwenda wapi?" nikafoka. "Unamgawia nani? Jirani?"

Ndipo akanigeukia, na maneno ya wiki nzima yakatoka pamoja.

"Sijamgawia mtu! Yanaungua hapo hapo unapoyaona! Si wewe uliyepoteza pini, ukachokonoa kwa sindano ya nguo? Tundu umelipanua, kaka. Mafuta yanamwagika tu, moto mwekundu, masizi matupu. Mwezi mzima napika hivi. Fundi wa stovu mzima, hulijui hilo? Au kila kikipotea kitu lazima pawe na mwizi?"

Nililijua. Ndilo jambo la kwanza kabisa nililowahi kujua katika kazi. Nilisimama pale, mkono umeshika chupa, na sikuwa nikiiona stovu tena. Nilikuwa nikiona shaba inayong'aa. Nikaiweka chupa chini, nikatoka bila kula, nikaelekea gerejini.

Jumamosi Mgiriki alikuwa akiliacha gari hapo lioshwe huku akila hotelini. Nilichomoa plagi moja: nyeusi, masizi yake laini yakabaki kidoleni. Ya pili vivyo hivyo. Zote nane. Nikafungua kabureta, nikatoa jeti za mbele, nikaziinua juani. Mbili zile zilitakiwa kuwa sawa kabisa. Moja tundu lake lilikuwa limepanuka, na nyingine limepanuka zaidi. Nikakaa juu ya tairi kuukuu. Kusema kweli nilifikiria kuzirudisha, kufunga kila kitu na kwenda zangu, maana hakuna mtu mwingine Voi ambaye angejua kuzisoma. Niliogopa kufukuzwa kazi na kurudi kwenye meza yangu sokoni, huku kila niliyemringia akipita kunisalimu. Nilifikiria hayo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Mgiriki aliporudi nilimwonyesha jeti na plagi nikamwambia kosa ni langu, lote. Alinitukana kwa Kigiriki, kwa hiyo sikupungukiwa na kitu. Kisha akazichukua jeti, akafumba jicho moja akachungulia, akaanza kucheka mpaka tumbo likacheza. Tajiri wangu, yule Mhindi, hakucheka, ila aliagiza jeti mpya Mombasa, akaniambia kuanzia siku ile sindano zote ataziweka yeye. Dereva akaitwa kutoka kwenye matrela, nyuzi za mkonge zimemganda nyweleni. Mgiriki akamtia ufunguo mkononi akasema maneno mawili matatu ya kuomba radhi kwa njia yake.

Dereva aliitazama plagi moja kwa makini, akairudisha.

"Basi yamekwisha, shemeji," nikasema haraka.

"Hapa yamekwisha," akasema. "Kanisani bado."

Jioni ile nilikwenda kwa mchungaji. Alinisikiliza, akasema kesho wakati wa matangazo nitapewa nafasi, nami nisiseme kwa mafumbo.

Sikusema kwa mafumbo. Nilifanya vibaya zaidi: nilisema kwa ufundi. Nilisimama mbele, wanaume upande huu, wanawake upande ule, jeti mbili zimetulia kiganjani, nikaanza tangu mwanzo. Nilieleza kwamba injini haiwezi kula petroli tupu, lazima ichanganywe na hewa. Nilieleza midomo ya mbele na midomo ya nyuma.

"Midomo minne?" mzee mmoja wa reli akauliza kwa sauti. "Hata yule mlevi wetu ana mmoja."

Watu wakacheka, mlevi mwenyewe akacheka kule nyuma, na mimi nikapata nguvu. Nikaeleza kipimo. Nikaeleza vumbi na petroli ya pipa. Nikawauliza wangapi wana stovu nyumbani, wakainua mikono, nikaeleza stovu. Nilizungumza mpaka watoto wakaanza kulala. Nilikuwa naeleza habari za plagi mama mmoja mtu mzima wa upande wa wanawake aliponyoosha mkono, kisha akasimama bila kungoja.

"Mwanangu," akasema, "mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi, Mama. Petroli iliungua ndani ya gari. Mimi niliharibu tundu."

"Na aliyemwita huyu kijana mwizi?"

Nikafumba kiganja juu ya jeti zangu.

"Ni mimi, Mama."

"Basi sema hilo," akasema akikaa. "Hayo ya midomo yametuchosha."

Nikasema. Ilichukua muda mfupi sana. Nilisema kwamba nilimchafulia jina mtu asiye na kosa kwa sababu sikutaka kuamini kwamba mikono yangu inaweza kukosea, na kwamba naona aibu mbele yake, mbele ya dada yangu na mbele yao wote. Nikarudi kukaa.

Mchungaji alimwita dereva kwa kidole. Akatoka benchi la nyuma, shati la pasi, akapita katikati ya kanisa taratibu mpaka mahali pake pa zamani mbele. Alipopita karibu nami hakunitazama. Mchungaji akafungua kitabu, akasoma tangazo la ndoa kwa mara ya tatu na ya mwisho, akainua uso.

"Kama yupo mtu anayejua kizuizi cha haki," akasema, "na aseme sasa."

Kanisa zima likageuka kunitazama mimi. Wanaume, wanawake, watoto waliokuwa wamelala, mzee wa reli, yule mama. Mchungaji mwenyewe alinisubiri. Upande wa pili dada yangu alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tugombane jana juu ya stovu, na hakuwa na hakika nitasema nini. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuwa na hakika.

"Sina," nikasema kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Sina, sina kabisa." Machozi yakanitoka mbele ya watu wote, na kutoka mbele nikasikia dereva akivuta pumzi kuanzisha wimbo.