Talaka Mbili Mbele ya Kamera

Aibu hii Msambweni nzima inaijua, basi heri niiseme mwenyewe kuliko muisikie imetiwa chumvi: mimi niliachwa mara mbili kwa asubuhi moja, na mume aliyenipenda, watu wakitazama. Anayetaka kucheka na acheke.

Bendera ilikuwa haijatimiza miaka miwili tangu ibadilishwe, Uhuru ulipoingia. Bakari, binamu ya mume wangu, alikuwa na kamera kuukuu aliyoachiwa na Mzungu wa Diani aliyerudi kwao, akawa anatengeneza sinema za kutisha na za kukimbizana, yeye peke yake, hana kampuni wala bwana. Alikuwa ameshatengeneza ya maiti aliyegoma kuzikwa, na ya majambazi wa Lunga Lunga (jambazi mkuu alikuwa muuza samaki wa Majoreni, na mpaka anakufa watu walimwamkia kwa jina la ujambazi). Sasa alitaka ya jini: mwanamume ameoa, anagundua mkewe ni jini, anampa talaka, jini anajigeuza.

Akaniomba niwe jini. Nikamwambia, "Nitakuwa, lakini mume wa kwenye picha awe Hamisi wangu. Mimi sisimami na mume wa mwenzangu." Nilijiona nina heshima sana, kumbe najichimbia shimo.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Mimi nimepakwa unga na masizi usoni, Hamisi akanikodolea macho, akasema, "Mwanasha, nimekuacha."

"Mkavu, ndugu yangu," Bakari akasema. "Unamwacha mke au unamwagiza chumvi? Tena."

Hamisi akatia hasira, akarudia.

"Hiyo nzuri, lakini jua limeingia winguni. Twende ya tatu."

Hapo shangazi yake Hamisi, Bi Mwanamisi, akainuka mkekani akaja akaifunika kamera kwa leso yake. "Hamisi, funga kinywa. Mbili zimeshatoka. Ukitoa ya tatu, huyu humpati tena mpaka aolewe na mwingine na aachike."

"Ni mchezo, shangazi."

"Talaka haina mchezo. Muulize mwalimu wako wa chuo cha Kurani."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Jini limeachika kabla halijageuka," na uwanja mzima ukaangua kicheko, nami na unga wangu usoni. Shangazi akaniambia niingie ndani nianze eda. Nikakataa. Nikasema, "Siingii. Aliyeniacha mbele ya watu atanirejea mbele ya watu."

Mwalimu akaitwa, akamuuliza Hamisi kama alinitaja jina, Hamisi akasema alinitaja, mwalimu akasema basi la salama ni kuzihesabu zote mbili, anirejee, na ajue imebaki moja.

Ndipo Bakari akanong'ona, "Lakini kamera yenyewe haishiki sauti, shemeji. Maneno nitayaandika tu."

"Kwa hivyo angeweza kunitajia majina ya samaki?"

"Angeweza. Nilitaka uso uwe na ukweli."

Nilimtazama, akarudi nyuma hatua tatu.

Hamisi alitaka kunirejea kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama. Nikamwambia apaze, walio nyuma nao wasikie, maana talaka waliisikia vizuri. Akapaza: "Nimekurejea, Mwanasha, katika ndoa yangu." Kicheko kikakoma. Watu wakadhani nitakimbilia ndani kuosha uso. Nikamwambia Bakari, "Funua kamera yako, tumalize." Mara ya tatu Hamisi akanikaripia kwa changu, tafi, pono na taa, mishipa imemtoka shingoni, na sinema ilipoonyeshwa Ukunda wanawake walinililia.

Tukaishi na ile moja iliyobaki mpaka Mungu alipomchukua. Akikasirika alitoka nje akapasua kuni, neno halimtoki. Nami sikuacha sinema: Bakari alinipa uchawi, akanipa umaiti, nikavifanya vyote mchana kweupe na sikumwomba mtu radhi. Lakini mke wa mtu kwenye picha, hata iwe picha bubu, hata mume awe wangu wa halali, sikuwa tena, na aliyekuja kuniomba nilimwonyesha mlango.