Mtetemo Mkononi mwa Otilia

Masikio ya Otilia yaliziba kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa tayari ameolewa na Erasmo hapa kijijini kwetu, karibu na Mbamba Bay. Alikaa miaka akitusoma midomo na kukosea, mpaka sista mmoja Mjerumani alipomletea kimashine: kipaza sauti kidogo, waya, na kidude cha kufunga mkononi kilichotetemeka mtu akisema. Betri alinunua dukani kwa Musa. Serikali ilikuwa imeruhusu tena bidhaa za nje, na duka lake siku hizo halikukosa kitu. Akitazama midomo huku ngozi ikimsaidia, Otilia alipata karibu kila neno, na alilirudia kwa midomo yake, bila sauti, kuhakikisha. Nilimpenda kwa hilo.

Aliyependa zaidi kuongea naye ni baba mkwe wake, katekista Bartholomayo. Siku moja akamwambia, "Baba, sauti yako imeanza kukwaruza hapa mkononi. Nenda hospitali." Sisi wengine hatukusikia mkwaruzo wowote. Mzee akacheka, akaendelea kumenya mihogo. Kufika Kwaresima koo lilikuwa limevimba na sauti imekwisha.

Basi wajinga wakapata la kusema. Alijuaje kabla? Wifi yake Avelina akatangaza kisimani kwamba sauti ya baba yake imevutwa na ule waya. Yeye na Erasmo wakamwita kutoka Kitai mnyoaji wa wachawi, yule anayewanyoa nywele wanaoshukiwa ili kuwatoa uchawi. Luisa wa kijiji jirani alinyolewa na huyohuyo, akanyweshwa dawa, akafa kabla nywele hazijaota. Mipango yote waliifanyia chumbani kwa mgonjwa. Mmoja hana sauti, mwingine hana masikio na amewapa kisogo, wamwogope nani?

Nilikwenda kumjulia hali mzee. Erasmo na Avelina walisimama mlangoni. Mzee akamvuta Otilia mkono, naye akambandika kipaza sauti kooni, mzee akachezesha midomo kwa mnong'ono tusioweza kuusikia. Nikaiona midomo ya Otilia ikirudia: Mnyoaji amefika. Toka, mwanangu.

"Baba kasema nini?" Avelina aliuliza, akimgeuza bega.

"Anataka maji," Otilia akajibu. Akakifungua kile kidude mkononi, akakiacha kitandani wasije wakamshuku, akachukua ndoo.

Nilimwona akifika ziwani, asiiname kuchota, akishika njia ya Liuli. Erasmo naye alimwona. Akachomoa kamba ya mbuzi ukutani, akatoka mbio na wanaume wawili.

"Otilia!" nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. "Otilia, geuka!"

Hakugeuka.