Karibu ya Mdomoni

Siku tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya tiki moja, na aibu iliyofuata bado inanichoma masikio, lakini nitasimulia mwenyewe, maana mtaa mzima hapa Kisauni umeshapata habari.

Mshauri wa kliniki moja alinipa hojaji ya kupima dalili za usonji kwa watu wazima, ile unayojijibu mwenyewe: nakubali au sikubali. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikitaka kujua kwa nini kukaa na watu hunichosha hivi, basi nikajaza mbio mpaka sentensi ya kumi na moja: “Mtu akisema jambo huku anamaanisha jingine, mimi hutambua.” Nikatia tiki kwenye nakubali. Halafu nikajiuliza, na kama huwa sitambui, nitajuaje kuwa sitambui? (Hapo ndipo usingizi ulipokatika.) Niliogopa nisije nikapeleka uongo, nikaambiwa sina lolote, nikarudi nyumbani na maswali yaleyale.

Siku ya nne nikaamua kujijaribu. Bi Mwanaidi, jirani yetu tangu nizaliwe, hula mchana mlango ukiwa wazi, na kila apitaye humwambia karibu. Mtu wa pwani hujibu “starehe” akapita zake, isipokuwa ameitwa kwelikweli. Nikapita na hojaji yangu mkononi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, “Karibu, Kadzo, bismillah.” Nikaisikiliza ile sauti, nikaamua ni ya kweli, nikavua viatu.

Ndani mlikuwa na wanawake saba waliopendeza, nami nikajipenyeza katikati yao, nikatia mkono kwenye sinia la pilau na kuondoka na paja la kuku, kabla sijang'amua kuwa ni wageni waliokuja kumposa Zuhura, bintiye Bi Mwanaidi. Mkubwa wao akaniuliza kwa upole mimi ni nani wa bibi harusi. Mwingine angesema jirani, yakaisha. Mimi nikaeleza yote: nimekuja kujipima kama najua kutofautisha karibu ya kweli na karibu ya mdomoni.

Mikono ikasimama juu ya sinia. Nilikuwa nimemwita mwenye nyumba mnafiki mbele ya wakwe, na posa haijajibiwa.

Bi Mwanaidi akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. “Hii ilikuwa ya mdomoni, mwanangu. Tena nilikukonyeza.”

“Sikuona.”

“Hujaona tangu una miaka mitano. Ndiyo maana nikipika, chako huwa kimo.”

Yule mkubwa wa wageni akanisogezea paja la pili, akawaambia wenzake kwamba nyumba inayopika na cha jirani, hapo kijana wao hatalala njaa. Wakacheka wote, nami nikacheka kuliko wote.

Nikaomba kalamu. Vidole vikiwa bado na mafuta, nikaikata ile tiki, nikaweka nyingine kwenye sikubali, nikanawa, nikaenda moja kwa moja kliniki kule Bombolulu kuirudisha karatasi kabla sijaanza kuwaza upya. Mshauri akauliza lile doa la nini.

Nikamwambia, “Huo ndio ushahidi.”