Kisu cha Mitutu Miwili

Ciriaco Leiva, mwindaji wa mabwawa ya Iberá, hakukubali mtu akae kushoto kwake wakati wa kula. Ukimsogelea upande huo, alihama na nyama yake mkononi. Wageni walidhani ana kiburi. Kiburi gani, jamani! Alikuwa anamwachia nafasi marehemu shemeji yake, Toribio, ambaye kicheko chake bado alikisikia palepale, karibu na sikio.

Chanzo ni kile kisu. Mchuuzi mmoja alikuja na mtumbwi wake akambadilishia kwa ngozi: kisu kipana chenye mitutu miwili mifupi ya bunduki ubavuni, na traiga ya kuifyatulia inayokunjwa ndani ya mpini. Eti mtu wa bwawani mkono mmoja umeshika upondo, basi mkono wa pili ubebe silaha zote. Ciriaco akaingia kichwa kichwa. Kumbe kuchuna ngozi hakifai kwa uzito, na risasi yake haimpati hata mnyama aliyelala.

Toribio nusura avunjike mbavu. "Shemeji, umeuziwa mbuzi kwenye gunia! Kisu hakikati, bunduki haifiki. Labda ukichemshe na mihogo!"

Jumapili moja wakaketi motoni kula ubavu wa ng'ombe. Kule sahani hazina kazi: unauma kipande, unakivuta kwa mkono wa kushoto, unakata mbele ya midomo, ncha ikielekea kushoto. Kila mtu na kisu chake. Ciriaco, kwa ubishi tu, akaacha kisu chake kizuri akachomoa kile cha mitutu. Asubuhi alikuwa amewinda nacho, na traiga alisahau kuikunja. Akauma nyama, akakaza mpini, mtutu mmoja ukafyatuka. Toribio alikuwa amekaa kushoto.

Tránsito, mke wa Toribio na dada mkubwa wa Ciriaco, alikiokota kisu akaondoka nacho. Hakumsemesha tena. Miaka ikaenda, na Ciriaco alitaka kitu kimoja tu duniani: dada yake aamini kwamba haikuwa makusudi.

Halafu, siku ya kuuvika msalaba wa kaburi la Toribio kitambaa kipya, dada akatokea akiwa nacho begani. Ilikuwa mchana, nyama iko motoni. Akawapita watu wote, akakaa kushoto kwa Ciriaco, akamwekea kile kisu mapajani.

"Dada, hapo usikae."

"Kwani pana mtu?"

Ciriaco akakitazama kisu.

"Mtutu wa pili sijaugusa," Tránsito akasema. "Haya, kula. Kula kama siku ile."

Hakuna aliyethubutu kuingilia. Ciriaco akauma nyama, jasho linamchuruzika. Mkono ukapanda wenyewe kwa mazoea, ncha ikamwelekea dada yake kifuani. Akaiona. Akapiga yowe, akakitupa kisu mbali. Kikagonga mtumbwi, mlio ukatoka, ndege wakaruka bwawa zima.

"Ulijua kina risasi?" Ciriaco akauliza.

"Nilijua."

"Mungu wangu, dada! Na ukakaa?"

"Nilitaka kuona. Leo mkono wako umesimama, Ciriaco. Siku ile kwa nini haukusimama?"

Alikuwa na majibu mengi aliyoyaandaa miaka yote hiyo, ya traiga, ya mchuuzi, ya bahati mbaya. Akayaacha yote.

"Sikukiangalia kisu," akasema. "Nilikuwa namwangalia yeye usoni. Nilitaka nione kama bado ananicheka."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, dada. Hakuwahi hata kunyamaza."

Tránsito akajifunika uso kwa kile kitambaa cha msalaba, akalia kwa sauti, na wanawake wengine wakalia naye. Alipomaliza akachomoa kisu chake mwenyewe kiunoni, akachukua kipande cha nyama iliyokwisha poa, akala. Hakuhama pale alipokaa.

Ciriaco alimsikia akitafuna. Mbali na hilo, upande wa kushoto kulikuwa kimya. Akatega sikio, akakisubiri kile kicheko, akakisubiri mpaka moto ukazimika, na hakikuja.