Kidani cha Nta na Mchaichai

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akanisoma akidhani atakutana na shujaa. Nimezaliwa Rhotia, kwenye shamba la mahindi na maharage lililopakana na msitu, na baba yangu amefuga nyuki tangu kabla sijazaliwa. Nyuki mmoja akinipitia sikioni naacha jembe palepale nakimbia. Ndugu zangu walijifunza mizinga, mimi nikakimbilia Karatu mjini nikajifunza kuyeyusha shaba.

Natengeneza vidani na bangili. Nanunua kufuli zilizokufa na koki za mabomba zilizochakaa, naziyeyusha, namimina kwenye mchanga, nasugua mpaka zing'ae, na maduka ya njia ya kwenda kreta yanawauzia wageni. Kwa miaka mingi niliamini kazi ya kidani ni kupendeza, basi. Hayo yalikuwa kabla mke wangu hajahamishwa.

Yeye ni mwalimu. Barua ilikuja, akapangiwa shule moja kule Wasso, ng'ambo ya hifadhi, safari ya basi ya kutwa nzima. Akaondoka na binti yetu wa miaka minne. Mimi nikabaki na karakana, maana Wasso hakuna mtalii wa kununua bangili zangu. Hatukugombana, tulikaa tukapanga kama watu wazima. Lakini basi lilipokata kona pale stendi nilibaki nimesimama palepale. Nilikuwa naogopa, na nilijua hasa ninachoogopa.

Mwaka mmoja nyuma, binti yetu aliumwa na nyuki sikioni, nyumbani kwa babu yake. Nyuki mmoja tu. Kabla hatujafika barabarani kutafuta bodaboda, uso ulishavimba, macho yamefumba, na pumzi inatoka kwa mluzi. Nilimbeba nikiwa nalia mbele za watu. Alichomwa sindano akapona, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba akiumwa tena inaweza kuwa mbaya kuliko ile, tusicheze na jambo hilo. Tangu hapo nilikuwa nikisikia mvumo wowote, hata wa pikipiki mbali, naacha ninachofanya namtafuta mtoto kwa macho.

Wiki ya pili baada ya wao kuhamia, mtoto aliniambia kwenye simu, "Baba, hapa hakunuki nyumbani."

"Kunanuka nini?"

"Kunanuka rangi."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa imepakwa rangi upya. Mama yake akacheka, akachukua simu, akasema, "Baba watoto, mwenzio halali. Ananusa mto halafu anausukuma." Aliniita hivyo kwa utani, kwa kuwa mtoto tunaye mmoja.

Ndipo nikapata wazo, na mimi nikipata wazo huwa sili. Nilitaka kidani chenye tumbo, kama ganda la haragwe, kinachofunguka nusu kwa nusu, chenye matundu madogo kama ya kichungio cha chai. Ndani nitie harufu ya kwetu. Mtoto akikivaa, joto la kifua linaiamsha harufu na inapanda puani taratibu.

Ganda halikunisumbua, iliyonisumbua ni harufu yenyewe. Kwanza niliweka pamba iliyolowekwa, ikakauka siku ya pili. Nikaweka kidonge cha udongo wa kuchoma, kikanuka udongo. Nikachemsha majani ya mchaichai kwenye mafuta, maana kwetu chai isiyo na mchaichai tunaiita maji ya moto, lakini mafuta yakavuja na kuniharibia shati mbili. Mwisho nikakumbuka nta. Nta inashika harufu, haivuji, na ikipata joto la mwili inalegea kidogo tu. Baba alikuwa na kopo zima. Nikaenda Rhotia nikamwomba kipande, akanipa bila kuuliza. Alidhani nataka kupaka uzi wa kutungia shanga, kama ninavyofanya siku zote.

Nilipochanganya nta na yale mafuta ya mchaichai, msomaji wangu, nilikaa chini. Ilikuwa nyumbani kabisa. Ilikuwa jikoni asubuhi na stoo ya baba kwa pamoja, ile stoo ambayo utotoni nilikuwa nasimama mlangoni nanusa na kuogopa kuingia. Nikatengeneza viwili, cha mtoto na changu. Changu nikakitia mafuta ya nazi anayopaka mke wangu kichwani. Cha mtoto nikakifunga kwenye boksi la viatu, nikampa dereva wa basi la Wasso.

Siku mbili baadaye mke wangu alipiga. Mtoto amelala usiku kucha akiwa amekishika. Hataki kukivua hata kuoga, mpaka agombezwe ndipo akitundike kwenye msumari wa dirisha. Nilijisikia fundi kweli. Majirani wa karakana wakaanza kunitania kwamba sasa nimekuwa mganga.

Mwezi ukapita. Dereva mmoja wa watalii ambaye mama yake yuko mbali akaniomba na yeye nimtengenezee, kwa hiyo nikarudi Rhotia kuomba nta zaidi. Mvua zilikuwa zimekatika, maharage yako kwenye maua, na baba alikuwa nyuma ya nyumba anaandaa mzinga mpya. Safari hii aliniuliza nta yote hiyo ya nini. Nikamweleza kwa majivuno, ganda, matundu, joto la kifua, mchaichai.

Akaacha kufanya kazi. "Nta na mchaichai?"

"Ndiyo."

"Mtoto anavaa?"

"Shingoni. Hakivui."

Akanyanyua mkono wake uliokuwa ndani ya mzinga akaniletea puani. Ulikuwa unanuka kidani changu. "Wewe," akasema, "umekulia kwenye nyumba hii. Hukuwahi hata siku moja kukaribia ukaona baba yako anapaka nini ili nyuki waje?"

Sikuwahi. Hiyo ndiyo aibu yangu na naiandika. Kila fukara wa Rhotia mwenye mzinga mmoja anajua kwamba ukitaka kundi linalohama liingie kwako, unapaka nta na mchaichai, wao wanadhani wenzao walishakaa humo. Ndugu zangu wanajua, wake zao wanajua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Na sasa ndiyo wanahama," baba akasema. Hakusema kwa ubaya. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kumwona baba yangu ameogopa kulinimaliza.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikampigia mwalimu mwenzake, haipatikani. Nikapata mtu mmoja wa Wasso aliyekuwa Arusha, akasema mnara wa simu umezima tangu juzi, kuna tatizo la umeme. Nilipiga mpaka chaji ikaisha. Baba aliniambia nyuki hawaji kwa kila harufu, huenda hakuna kitu, nirudi nikapumzike. Nilimjibu vibaya, na kumbe alikuwa ananibembeleza tu. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye basi.

Barabara ile naiogopa hata siku za amani. Baada ya geti la hifadhi ukungu ulikuwa mzito, dereva anapiga honi kila kona, upande mmoja ukuta wa msitu na upande mwingine hakuna kitu. Wenzangu walikuwa wanakula mahindi ya kuchemsha na kuzungumza habari za mikopo. Mimi niliona uso wa mtoto ulivyokuwa siku ile, macho yaliyofumba, nikasikia ule mluzi. Nilihesabu: kama ameumwa jana, leo ameshazikwa au bado. Nisamehewe, ndivyo nilivyowaza. Tuliposhuka kwenye uwanda wa Olbalbal, kwenye vumbi, ng'ombe walikuwa wanavuka taratibu na kijana wa Kimasai nyuma yao, na basi zima likasubiri. Nilitaka kushuka niwasukume kwa mikono.

Tulifika Wasso jua linaelekea kuzama. Nilikimbia kutoka stendi nikiwa na begi mgongoni, mtu mzima, watu wananitazama. Binti yangu alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo pamoja na mama yake. Mzima. Kidani kiko kifuani.

Sikusalimia. Nilikirukia nikakivuta mpaka uzi ukakatika, nikakitupa mbali kwenye majani. Mtoto akapiga kelele kama ameunguzwa, akajificha kwa mama yake, ananiogopa mimi.

"Una nini wewe mwanaume?" mke wangu akaniuliza.

Nikamweleza nikiwa nahema. Nilitegemea atanicheka. Badala yake aliweka ungo chini, akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba. Ukuta chini ya dirisha ulikuwa mweusi kwa moshi. Ardhini kulikuwa na nyuki wakavu, wengi, wamefagiliwa pembeni.

"Jumanne," akasema. "Alikuwa anaoga kwenye beseni ndani, kidani kiko kwenye msumari hapo dirishani. Nikasikia mvumo. Kundi zima, limening'inia kama gunia. Nilimfunga kwenye blanketi nikatoka naye mlango wa mbele. Jirani akachoma kinyesi cha ng'ombe mpaka jioni, wakaondoka."

"Halafu?"

"Halafu akakivaa tena. Ningejuaje?"

Nilikaa palepale juu ya wale nyuki waliokufa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Mnara ulizima siku moja baadaye, Jumanne simu zilikuwa zinafanya kazi. Jioni ile tuliongea, aliniambia wamekula makande.

"Nikuambie wewe?" Hakupandisha sauti. "Ningekuambia, ungefanya nini huko Karatu? Usingekula, usingelala, ungenipigia kila dakika nikutulize. Mimi ndiye ningekubeba. Sina mikono mitatu."

Akautazama ule ukuta wenye moshi, akaendelea.

"Ile siku uliponiuliza mbona kuna kelele za watu, nikakuambia tuko sokoni. Tulikuwa wodini. Alikuwa na nimonia. Siku nne."

Nimonia. Nilikuwa nimeketi karakana siku hizo nne nasugua vidani, nanusa mafuta ya nazi, najiambia niko nao karibu. Nilijaribu kukumbuka nilifanya nini siku ya pili, nikakumbuka tulipiga soga na fundi wa viatu na nilicheka sana.

"Kuna mengine?" nikamuuliza.

Alinitazama kama anapima mzigo na mtu wa kuubeba. Mtoto alikuwa amekuja, amesimama mbali nami, anafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Yapo," akasema. "Lakini tazama mikono yako inavyotetemeka."

Ilikuwa inatetemeka, hata niliposhika moja kwa nyingine haikutulia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye basi.

"Iache itetemeke," nikasema. "Niambie."

Akakaa chini kando yangu, akaanza na wiki ya kwanza waliyofika, na kila alipofika mahali akasita kunitazama, nikamwambia, endelea.