Bipu ya Pili

Nimefundisha katekisimu miaka mingi hapa Pugu, na misiba niliyosimama makaburini kuiombea siwezi kuihesabu. Lakini neno lililonitia hofu kuliko yote nimelisikia kwenye simu. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Yule mama wa kwenye simu hulisema kwa upole, kama anayekukaribisha chai. Hakuambii kama mtu wako yuko hai au la. Hapatikani, basi.

Binti yetu wa pekee alipangiwa kufundisha shule ya msingi huko kusini, kijiji cha ndani sana. Mimba yake ya kwanza iliharibika hukohuko. Damu zilianza asubuhi, mumewe akahangaika kumpigia dereva wa gari la zahanati, na simu ikawa inatafuta mtandao tu. Gari lilipopatikana, mtoto tulikuwa tumeshampoteza. Kwa hiyo alipokuja likizo akatuambia ana mimba nyingine, mke wangu alimshukuru Mungu kwa machozi. Nami nilishukuru, ila nikaanza kuhesabu miezi. Likizo ya uzazi ilikuwa bado mbali, na shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa.

Tukaenda wote watatu Gongo la Mboto, kwa dada mmoja muuza simu.

"Shikamooni wazee wangu. Baba, chukua hii, kioo kikubwa, kamera tatu. Utaona mpaka mvi zako, mojamoja."

"Marahaba. Mvi zangu nazijua. Nataka simu na laini ya kushika mtandao porini."

"Porini! Kwani baba unaenda kuwinda?"

Akaweka laini anayoisifia, akatuonyesha. "Haya, oneni wenyewe. Mtandao umejaa mpaka juu."

Mke wangu akaguna. "Mwanangu, hapa hata sufuria linashika mtandao. Mie nakuuliza habari za kule."

Binti yetu akacheka, mara ya kwanza tangu afike. "Mama, kule hakuna anayetaja kampuni. Kuna laini ya kichuguuni na laini ya kisimani. Kila moja inashika pale pake tu."

Tukamuuliza ipi iko karibu na nyumba. Akasema kichuguu kiko nyuma ya nyumba yao, lakini mvua ikinyesha mtandao wake hupotea, na hapo ni mpaka ateremke kisimani. Nilimwona moyoni mwangu akiteremka kwenye utelezi, tumbo mbele, simu mkononi.

"Na kichuguu ni nyumba ya nyoka," mama yake akasema.

Tukanunua kiswaswadu, simu ya vitufe yenye tochi, ambayo chaji yake hukaa siku nyingi na inaingia laini mbili. Tukaweka ya kichuguuni na ya kisimani. Simu yake kubwa ilikuwa ikizimika kila siku mchana, na kuichaji ni mpaka kwa jirani mwenye sola. Asubuhi ya safari niliishika ile simu ndogo nikaifanyia ishara ya msalaba.

"Unabariki betri?" mke wangu akauliza.

"Nabariki mnara," nikamjibu.

Tukakubaliana hivi: kila jioni atapanda kichuguuni, mumewe akitangulia kupigapiga chini kwa fimbo, atubipu mara moja. Bipu moja maana yake niko salama. Sisi tusimpigie, kwa sababu akishuka tu pale hapatikani, na mama yake akilisikia neno hilo hatalala.

Jioni zikapita hivyo. Simu inaita, inakatika, mke wangu anasema asante Yesu, tunakula. Kisha jioni moja ya masika ikaita, ikakatika. Kabla hajamaliza kushukuru ikaita tena, ikakatika.

"Mbili ni nini?" akaniuliza.

"Mbili hatukupanga."

"Mpigie!"

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga laini ya pili. Hapatikani. Mumewe naye hapatikani. Mke wangu akakaa chini sakafuni, kanga mdomoni. "Hapatikani vipi? Mtu mzima na tumbo lake, hapatikani vipi?" Nikachukua rozari. Mimi niliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kuisali nikawa nashika punje na maneno hayaji. Nilichoweza kusema ni kimoja tu: Bwana, wewe upatikane.

Asubuhi simu ikaita na haikukatika.

"Baba, shikamoo."

"Umepatwa na nini?" Marahaba ilinitoka baadaye.

"Sijapatwa na kitu. Jana mtoto alicheza tumboni, mara ya kwanza. Bipu ya kwanza ilikuwa yangu, ya pili yake. Alikuwa anawasalimu."

Mama yake akaninyang'anya simu. "Mjinga wewe! Umetuua!" Akalia, akacheka, akalia tena. "Haya, mwambie huyo mjukuu anisalimie kila siku. Asithubutu kuacha."

Tangu hapo zinakuja mbili. Na hofu yangu imegeuka: niliyeogopa mbili sasa naogopa moja. Kati ya bipu ya mama na ya mtoto kuna kimya kifupi, na ndani ya kimya hicho mke wangu hunishika mkono wa shati mpaka simu iite tena.

Mwezi ujao likizo yake ya uzazi inaanza. Basi litamshusha Mbagala, nami nitakuwa pale kabla halijafika. Jioni hii ninapoandika, mvua inanyesha Pugu, na ya kule siijui. Simu iko mezani. Imeita mara moja, ikakatika. Nimemshukuru Mungu kwa hiyo moja. Mke wangu amenishika shati, tunaingoja ya pili.